"Nani Ataiba Jina Langu?" Tunayoyaamini Kuhusu Ndagamuntu na Laini, na Ukweli Wake

Kibanda changu cha pesa za simu kiko Busia, upande wa Uganda, hatua chache kutoka barabara ya mpakani. Siku nzima watu wananikabidhi simu zao, ndagamuntu zao (vitambulisho vya taifa) na namba zao za siri, tena kwa sauti inayosikika hadi kwa muuza chapati. Kuhusu wizi wa utambulisho nimesikia mengi hapa dirishani, na mengi si kweli. Naandika kwa sababu nimeona watu wema wakihangaika kwa makosa ya watu wasiowajua hata kwa sura.

"Mimi sina kitu, nani ataniibia?"

Hii naisikia kuliko zote, na ndiyo inayowaponza wengi. Anayeiba utambulisho mara nyingi hana haja na pesa zako. Anatafuta jina safi la kujifichia. Mama anayeuza nyanya sokoni, hajawahi kukopa, hajawahi kuitwa polisi: jina kama hilo kwa tapeli ni mali.

Mama mmoja wa namna hiyo alinijia asubuhi akitetemeka. Ameitwa kituoni. Laini iliyotumika kumlaghai mtu wa Mbale pesa za ng'ombe imesajiliwa kwa jina lake. Yeye ana laini moja tu, kwenye simu ndogo ya kubonyeza. Tukakaa kwenye benchi tukaanza kukumbuka. Miezi ya nyuma alinunua laini kwa kijana aliyekuwa amesimamisha mwavuli karibu na soko. Kijana akamwambia, "Mama, kidole hakijasoma, kipanguse urudie." Akakipangusa kwenye leso, akarudia. Halafu tena. Halafu tena. Alipokwenda na ndagamuntu kwenye kituo cha huduma cha kampuni ya simu akaomba orodha ya laini zilizo chini ya NIN yake, yaani namba yake ya kitambulisho cha taifa, zikatoka nne.

Ni kweli kidole cha mtu wa jembe wakati mwingine kinakataa. Lakini kila kinapokataa una haki ya kusema, "Mwanangu, nigeuzie hiyo skrini nione." Laini inunuliwe dukani kwenye mlango unaoujua, mahali utakapomkuta mtu ukirudi kesho. Na hiyo orodha iombe kwa kila kampuni peke yake, maana MTN haitakuonyesha zilizosajiliwa Airtel.

Tena laini siku hizi inakopa. MoKash ya MTN na Wewole ya Airtel zinatoa mkopo kupitia simu, hakuna afisa anayekutazama usoni. Laini yenye jina lako ikikopa, deni linasomeka kwako. Wengine wanakuja kugundua siku wanapoomba mkopo wa ada za shule, wanaambiwa jina lao linadaiwa.

"Namba tupu bila kadi haina kazi"

Itazame NIN yako vizuri. Ina herufi na tarakimu 14. Raia mwanamume inaanza na CM, mwanamke CF, na tarakimu mbili zinazofuata zinatokana na mwaka wako wa kuzaliwa. Kwa hiyo anayeishika ameshajua jinsia yako na umri wako kabla hujafungua mdomo. Akikupigia akakutajia jina, mwaka na namba, utaamini kabisa kwamba anapiga kutoka ofisini.

Mzee mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, alinipa simu na kadi pamoja. "Mwanangu, nitolee elfu ishirini. Namba ya siri ni mwaka niliozaliwa, uangalie hapo kwenye kadi." Nilimrudishia simu. "Mzee, samahani, hiyo ubonyeze mwenyewe, na tukimaliza tuibadilishe." Alicheka, akasema mimi ni kama binti yake. Ndiyo, mzee wangu, lakini kadi hiyo hiyo umeiacha kwa fundi wa simu, kwa mwenye nyumba na kwa mkopeshaji.

Dada yake dhana hii ni ile ya kwamba kadi iliyokwisha muda imekufa. Usajili mkubwa ulianza 2014 na kadi zile zilipewa miaka 10, ndiyo maana juzi juzi sote tulikuwa kwenye mistari ya kuhuisha. Kadi inabadilika, NIN haibadiliki. Fotokopi uliyoiacha dukani miaka mitano iliyopita bado inakutaja wewe.

Nimewahi kununua njugu zilizofungwa kwenye fotokopi ya ndagamuntu ya mtu. Uso, jina, namba, vyote vinasomeka kupitia mafuta. Tangu siku hiyo kila nakala ninayoitoa naiandika kwa kalamu kukatisha katikati: "Kwa kusajili laini tu," na tarehe. Nahakikisha wino unapita juu ya picha.

"Mkopeshaji lazima abaki na ndagamuntu"

Hapana. Sheria ya 2016 inayosimamia wakopeshaji wadogo inawakataza kuchukua kitambulisho cha taifa, pasipoti, kadi ya benki au namba yake ya siri kama dhamana. Na bado nawajua walimu ambao kadi zao za ATM hazijalala nyumbani kwao tangu walipokopa. Mwisho wa mwezi mkopeshaji anakwenda mwenyewe mashineni, anatoa anachodai, na wakati mwingine zaidi ya anachodai.

Ninajua kwa nini watu wanakubali. Mtoto anaumwa, ni usiku, na mwenye pesa ni huyo huyo mmoja. Simlaumu aliyekopa. Nasema tu kwamba kuidai kadi yako irudi si utovu wa shukrani, hata kama deni halijaisha. Akikataa, yuko msimamizi wao anayeitwa UMRA, na malalamiko ya kadi zilizozuiliwa si mageni kwake.

"Wezi hawa ni mabingwa wa kompyuta"

Wapo mabingwa. Oktoba 2020 waliingia kwenye mfumo wa kampuni ya Pegasus Technologies iliyokuwa ikiunganisha pesa za simu na benki, na huduma hizo zikasimamishwa kwa muda. Lakini wanaokuja kulia dirishani kwangu wameibiwa kwa maneno matupu. "Shangazi, nimetuma namba sita kwako kwa makosa, nirudishie." Ujumbe unatoka kwa mpwa kweli, ila WhatsApp ya mpwa ilishatekwa jana. Ukizituma zile tarakimu sita, ambazo ndizo za kufungulia WhatsApp yako, na yako imekwenda, na jioni ndugu zako wote wataombwa pesa za hospitali kwa jina lako. Washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye mipangilio ya WhatsApp leo. Ni dakika mbili.

"Nikienda polisi nitapoteza muda tu"

Foleni ipo, sikatai. Lakini tarehe na saa vilivyoandikwa kwenye kitabu cha kituo ndivyo vitakavyotenganisha uliyoyafanya wewe na aliyoyafanya mwizi.

Mambo yaende kwa mpangilio huu. Simu ikipoteza mtandao ghafla mahali ambapo jirani zako wanaupata, usingoje urudi: huenda mtu amehamishia namba yako kwenye laini nyingine. Azima simu ya karibu yenye laini ya kampuni yako, piga 100, waombe wafunge laini na akaunti ya pesa papo hapo. Baada ya hapo piga benki, kwa sababu ujumbe wa kuthibitisha malipo sasa unamfikia yeye. Kisha badilisha nywila ya barua pepe. Hayo ni ya saa ya kwanza, na polisi inafuata.

Kituoni usiondoke bila namba ya SD, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha kituo, iandike mahali pawili. Kwa hiyo namba ndipo kampuni ya simu inaanza kukusikiliza kuhusu laini usizozijua. Kadi ikiwa imepotea, NIRA, wanaotoa vitambulisho, nao watataka barua ya polisi. Ukihofia mikopo, nenda kwa ofisi za taarifa za mikopo, Metropol na gnuGrid, uombe ripoti yako na upinge kwa maandishi deni lisilo lako.

Na kama unajua taarifa zako zilivujia wapi, iko sheria ya ulinzi wa data ya 2019 na ofisi yake maalumu ya kupokea malalamiko. Kuuza taarifa binafsi za mtu kunaweza kumfunga mhusika hadi miaka 10, na aliyeumizwa anaruhusiwa kudai fidia mahakamani. Wenye vibanda wenzangu, madaftari yetu yanahusika pia. Langu nalifungia kwenye droo yenye kufuli.

Yule mama wa nyanya alirudi kituoni na orodha ya laini nne, tarehe za kusajiliwa kwake na barua ya kampuni kwamba tatu zimefungwa. Askari alizilinganisha na tarehe ya ule utapeli wa ng'ombe: laini iliyotumika ilisajiliwa siku ile ile ya mwavuli, dakika chache baada ya yake. Akaandika maelezo yake upya, mara hii kama mlalamikaji. Zile karatasi amezitia kwenye mfuko wa nailoni pamoja na vyeti vya watoto.