Mtoto akivimba miguu hajabemendwa: maswali na majibu kuhusu kwashakoo

Kwashakoo ni nini?
Ni utapiamlo mkali unaomvimbisha mtoto. Vitabuni utakuta pia jina unyafuzi. Humpata zaidi mtoto aliyeachishwa ziwa, mara nyingi kwa sababu mama kashika mimba nyingine, akaachiwa uji mweupe na ugali kwa mchuzi. Miguu yote miwili hujaa maji, nywele hunyonyoka na kuwa nyekundunyekundu, ngozi hubabuka. Mtoto hachezi, hataki kula, kutwa kanuna.

Mbona anaonekana kanenepa, na kwenye kadi uzito hauna shida?
Huo ni uzito wa maji. Bonyeza kwa kidole gumba upande wa juu wa mguu, kati ya vidole na kifundo, hesabu taratibu hadi tatu, kisha achia. Kikibaki kishimo, na mguu wa pili hivyo hivyo, nenda kituo cha afya leo, hata kama utepe wa kupimia unene wa mkono unasoma kijani, yaani hali nzuri.

Mama mkwe anasema mtoto kabemendwa.
Hapana. Eti baba katoka nje ya ndoa, au wazazi wamelala pamoja mama akiwa ananyonyesha, ndipo mtoto akadhoofu. Hapana! Chenye ukweli humo ni kimoja tu: mimba ikija haraka, mtoto huachishwa ziwa kabla ya wakati. Basi. Hapa kliniki tunaletewa watoto waliokwisha kuogeshwa majani, kuchanjwa chale na kufungwa hirizi kiunoni, na mama kajificha nao ndani kwa kuogopa kuitwa mhuni. Kliniki hakuna atakayekuuliza ulilala na nani. Tutakuuliza mtoto alikula nini jana.

Nikianza kwa mganga, halafu hospitali?
Hapana. Mtoto huyu anaweza kufa usiku mmoja, sukari ikishuka mwilini na baridi ikimpata. Maambukizi humshika bila hata homa, kwa hiyo usiseme “hachemki, tungoje Jumatatu”.

Nani aliyeueleza ugonjwa huu kwa madaktari?
Dk. Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika, 1893, aliyesoma Oxford. Mwaka 1929 alipelekwa Gold Coast, Ghana ya leo. Mjini Accra aliona watoto waliovimba na kubabuka ngozi, akawauliza kina mama. Wao walishajua kuwa huo ni ugonjwa wa mtoto anayempisha mdogo wake, na jina walilolitumia kwa Kiga, lugha ya wenyeji wa Accra, ndilo alilolipeleka kwenye majarida ya kitabibu. Alichapisha maelezo yake mwaka 1933, na wapo wakubwa wa fani waliombishia kwamba hiyo ni pelagra tu, ugonjwa wa kukosa vitamini. Mwaka 1948 akawa mkuu wa kwanza wa idara ya afya ya mama na mtoto ya Shirika la Afya Duniani.

Nikikosa maziwa, nimpe mtoto mchanga yale mazito ya kopo yenye sukari?
Usimpe. Mwaka 1939, mjini Singapore, Dk. Williams huyo huyo alisimama mbele ya wafanyabiashara kuyakemea maziwa hayo, akasema vifo vinavyoletwa na matangazo potofu ya kulisha watoto vihesabiwe kuwa mauaji.

Nyumbani nimpe mayai na nyama kwa wingi uvimbe umtoke haraka?
Akishavimba, hapana. Mlo mkubwa wa ghafla unaweza kumuua, na dawa ya kumkojoza maji vilevile. Mayai, dagaa, maharage na karanga ni vya kumkinga kabla hajaugua, na baada ya kupona. Wodini huanza na maziwa maalumu ya F-75, kidogo kidogo, mchana na usiku, pamoja na dawa za kuua vijidudu. Chakula dawa, kile kizito cha karanga cha kwenye pakiti, hufuata hamu ya kula ikirudi. Siku za mwanzo uzito utashuka kwa sababu maji yanatoka. Hapo ndipo bibi hupiga simu: mtoto anakwisha, mrudisheni nyumbani! Mwambie bibi asubiri.