Ujenzi wa kujazia mji: maana yake, na unavyoweza kupunguza gharama ya nyumba Zanzibar

Ujenzi wa kujazia ni kujenga makaazi ndani ya mji uliokwishajengeka: kwenye kiwanja kilichobaki kitupu baina ya nyumba mbili, juu ya nyumba inayoweza kubeba ghorofa, au ndani ya ghala ambalo halitumiki tena. Jambo la karibu yake ni uendelezaji upya, ambapo nyumba chakavu za mtaa huvunjwa na pakajengwa nyumba zinazochukua watu wengi zaidi. Yote mawili yanataka ardhi ile ile, yenye barabara, maji na umeme tayari, ikae familia nyingi zaidi.

Kwa Unguja jambo hili si la kungojewa. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 593,678 katika Mkoa wa Mjini Magharibi. Ya 2022 ikahesabu 893,169. Ongezeko ni la karibu laki tatu ndani ya miaka kumi, na mji umekuwa ukitanuka kuelekea Fuoni, Kijitoupele na mashambani. Kiwanja cha huko huonekana rahisi siku ya kununua. Gharama huja baadaye: kuvuta umeme, kuvuta maji, kuchimba karo la choo, nauli ya kila siku ya kwenda Darajani, sokoni mjini, na kurudi. Na kila kiwanja kinachokatwa ni migomba, mihogo na minazi iliyotoweka kwenye kisiwa kidogo.

Lakini kujenga kwenda juu hakuna urahisi wa moja kwa moja. Nguzo, nondo, ngazi na zege ni pesa nyingi, na mchanga wa Unguja umekuwa adimu. Nafuu inapatikana kwa sababu ardhi, bomba na barabara vinagawanywa baina ya familia nyingi, na mkaazi anabaki karibu na kazi, soko na skuli. Ndiyo maana naamini majengo ya ghorofa tatu au nne yanatufaa zaidi kuliko minara inayohitaji lifti na jenereta, kwani gharama za kuendesha vitu hivyo humrudia mkaazi kila mwezi.

Kikwazo ninachokiona kikubwa kuliko vyote kwetu ni mirathi. Tuchukue nyumba ya Miembeni au Kikwajuni: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, uani jiko na choo. Mwenyewe amefariki, ameacha mjane, watoto wawili wanaume na watatu wanawake. Kwa sheria ya Kiislamu mjane ana thumuni, yaani fungu moja katika manane. Yaliyobaki saba ni ya watoto: kila mwanamme mawili, kila mwanamke moja. Vyumba ni sita, mafungu manane. Hakuna anayeweza kuuza peke yake, hakuna anayetaka kutengeneza bati kwa pesa yake, na mrithi mmoja akifa fungu lake hukatwa tena. Nyumba inaoza huku kila mmoja ana haki.

Hapo ndipo ghorofa inaweza kutatua kile ambacho ukuta wa kugawa vyumba haukiwezi. Majirani wawili wakiunganisha viwanja, kila mrithi anaweza kupata fleti, au sehemu ya kodi ya wapangaji, kwa kadiri ya fungu lake, na fleti za ziada zikauzwa kulipia ujenzi. Zanzibar ina sheria ya mwaka 2010 inayomwezesha mtu kumiliki fleti yake peke yake, huku ngazi, paa na uwanja vikiwa vya wote. Kabla ya hapo lakini mirathi lazima igaiwe rasmi, na kila fungu liandikwe.

Kuta nazo zina neno lao. Nyumba nyingi za zamani za Ng'ambo, upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, ni za miti na udongo, hazibebi ghorofa hata kidogo. Zinataka msingi mpya. Mji Mkongwe, ulioingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, una masharti yake ya urefu na sura ya jengo. Na si kila uwazi ni wa kujazwa. Viwanja vya mpira, makaburi na mabonde yanayopokea maji ya masika viachwe.

Uendelezaji upya si mgeni kwetu. Majumba ya Michenzani yalijengwa baada ya Mapinduzi, kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, mahali palipokuwa na nyumba za watu. Familia nyingi zilipata maji ya bomba na choo cha ndani kwa mara ya kwanza. Lakini jengo la wote linahitaji wa kulitunza, na bomba la ghorofa ya juu likivuja, wa chini ndiye anayeloa. Mfuko wa matengenezo uundwe kabla ya funguo kukabidhiwa.

Anayeambiwa nyumba yake itavunjwa ili pajengwe fleti na adai, kabla ya kutoa hata chombo kimoja, karatasi inayotaja jina lake na ya warithi wenzake, ukubwa wa fleti atakayopewa, nani analipa kodi ya nyumba atakayohamia kwa muda, tarehe ya kurudi, na kitakachotokea tarehe hiyo ikipita.