Aliyempima mwanao kasomea nini? Maswali na majibu kuhusu wahudumu wa lishe ya watoto wachanga

Siku moja kliniki nimehudumiwa na watu wanne. Wote ni wataalamu wa lishe?

Hapana, wala si lazima wawe. Huduma ya lishe ya watoto inayoendeshwa na serikali huenda kwa ngazi. Aliyemweka mwanao kwenye mizani huenda alipewa mafunzo ya siku chache ya upimaji, basi. Aliyekuuliza mtoto ananyonya mara ngapi mara nyingi ni muuguzi au mkunga, ambaye lishe kwake ilikuwa somo moja kati ya mengi. Afisa lishe ndiye aliyesomea lishe yenyewe chuoni, na huenda usimwone kabisa, kwa kuwa kazi yake kubwa ni kupanga, kufundisha wenzake na kupokea watoto ambao hali zao zimewashinda wa ngazi ya chini. Anayekutembelea nyumbani anaweza kuwa jirani yako, aliyechaguliwa na jamii na kufundishwa kazi chache maalumu.

Mpango kama huu unakwenda vizuri pale ambapo kila mmoja amefundishwa kile hasa anachokifanya, na anajua mahali pa kuishia. Mengi yanayofuata hapa yanarudi kwenye mambo hayo mawili.

Kupima uzito nako kunahitaji kusomea?

Watu hucheka wakisikia hivyo. Lakini ningekuwa msimamizi wa kituo, ukaguzi wangu ungeanzia hapo.

Mwangalie anayeijua kazi. Kabla hajamgusa mtoto anahakikisha mizani inasoma sifuri. Anakuomba umvue mtoto nguo, na nepi pia, maana nepi iliyoloa inapima mkojo. Mtoto wa chini ya miaka 2 hupimwa urefu akiwa amelala chali kwenye ubao, na hiyo ni kazi ya watu wawili. Mmoja anakishika kichwa kiguse ubao wa juu, macho ya mtoto yakitazama juu. Mwenzake anayanyoosha magoti kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili anasogeza kibao cha chini mpaka kikae bapa kwenye nyayo. Wakati huo mtoto analia na kupiga mateke, na foleni imeanza kunung'unika. Asiyefundishwa anakadiria na kuandika. Aliyefundishwa anasubiri mguu utulie.

Mtoto huyohuyo ukimsimamisha, urefu wake unasomeka pungufu kwa takriban sentimita 0.7. Ndiyo maana viwango vya ukuaji vilivyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006 vina kanuni ya kuongeza au kupunguza tofauti hiyo pale mtoto anapopimwa kwa namna isiyolingana na umri wake. Asiyeijua kanuni hiyo atachora kwenye kadi mtoto aliyedumaa ghafla, na mama atarudi nyumbani na hofu isiyo na sababu.

Kisha kuna utepe wa kupimia mkono, unaotumika kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Chini ya milimita 115 ni utapiamlo mkali, na kati ya 115 na 125 ni utapiamlo wa kadiri. Unapimwa katikati ya bega na kiwiko cha mkono wa kushoto, mkono ukiwa umelegea. Utepe ukivutwa kidogo tu kupita kiasi, nyama inabonyea, na mtoto wa milimita 117 anaandikwa 114. Ukilegezwa, mtoto mgonjwa anaandikwa mzima na kurudishwa nyumbani. Hili la pili ndilo la kuogopwa zaidi.

Kwa hiyo mafunzo mazuri ya upimaji yana zoezi ambalo wanafunzi hulihofia. Wanaletwa watoto wapatao kumi. Kila mpimaji anawapima wote, halafu anarudia kuwapima wote bila kuona namba zake za mwanzo. Vipimo vyake viwili vinalinganishwa, kisha vinawekwa kando ya vya mkufunzi. Akikutwa anapishana hata na yeye mwenyewe, anarudi kufanya mazoezi. Kati ya zoezi hilo na cheti kilichotundikwa ukutani, mimi ningeuliza kwanza habari za zoezi.

"Mtaalamu wa lishe" ni cheo au ni jina la kujipa?

Inategemea sheria za nchi. Uingereza, kwa mfano, cheo cha mtaalamu wa lishe tiba (anayewapangia wagonjwa mlo kama sehemu ya matibabu) kinalindwa na sheria: huwezi kujiita hivyo bila kusajiliwa. Cheo cha mtaalamu wa lishe kwa ujumla hakina ulinzi huo wa kisheria. Mpango wa serikali kwa kawaida una masharti yake ya ajira, kwa hiyo hatari ya kukutana na mtu wa kujipachika cheo ni kubwa zaidi mitandaoni kuliko kliniki.

Mshauri wa unyonyeshaji husoma kwa muda gani?

Jina hilo hubebwa na watu wa viwango tofauti sana, na mzazi ana haki ya kuchanganyikiwa.

Juu kabisa wapo wenye cheti cha kimataifa, IBCLC, kinachotolewa na bodi ya mitihani iliyoanzishwa mwaka 1985. Kabla ya kufanya mtihani, mtu anatakiwa awe na msingi wa masomo ya afya, elimu ya unyonyeshaji ya angalau saa 95, na mamia ya saa za kuhudumia akina mama. Kwa baadhi ya njia saa hizo hufika 1000. Cheti kinadumu miaka 5, kisha kinahuishwa.

Hao ni wachache, na wengi utakaokutana nao wamepita kozi fupi. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa kozi ya saa 40 ya unasihi, yaani ushauri nasaha, wa unyonyeshaji mwaka 1993, na baadaye ikaenea kozi ya saa 20 kwa wafanyakazi wa wodi za wazazi, chini ya mpango wa hospitali rafiki kwa mtoto ulioanza mwaka 1991. Hatua ya pili kati ya Hatua Kumi ambazo mpango huo unazitaka hospitali zifuate inahusu wafanyakazi moja kwa moja: wawe na maarifa, uwezo na stadi za kutosha za kumsaidia mama kunyonyesha.

Mwaka 2018 mwongozo wa mpango ulipitiwa upya, na mkazo ukahama. Zamani wakaguzi walihesabu saa alizokaa mtu darasani. Sasa wanataka kuona kama anaweza kuifanya kazi. Kwa maoni yangu yalikuwa mabadiliko yaliyochelewa. Mtu anaweza kusinzia saa 20 zote na bado jina lake likawa kwenye daftari la mahudhurio.

Anayenitembelea ni mama wa kujitolea, hana chuo. Kwa nini nimsikilize?

Kwa sababu amefundishwa kwa ajili ya jambo moja analoliweza vizuri: kukaa na wewe. Mshauri rika kwa kawaida ni mama aliyenyonyesha mwenyewe, akafundishwa mambo ya msingi na namna ya kuzungumza na mwenzake. Marekani, mpango wa serikali wa lishe ya akina mama na watoto uitwao WIC umekuwa na fedha maalumu kwa washauri wa aina hii tangu mwaka 2004. Tafiti zilizofanywa katika nchi nyingi zinaonyesha kwamba msaada wa watu wasio wataalamu, sawa na ule wa wataalamu, husaidia akina mama kuendelea kunyonyesha muda mrefu zaidi.

Anapimwa kwa mipaka yake. Akikuonyesha namna ya kumpakata mtoto, msikilize. Akikuandikia dawa, au akikwambia homa ya mtoto itaisha yenyewe, ametoka nje ya kazi yake.

Nilikaripiwa mbele ya wenzangu kwa sababu mtoto hajaongezeka uzito. Hivyo ndivyo wanavyofundishwa?

Pole sana. Wanafundishwa kinyume chake kabisa, na sehemu kubwa ya kozi ile ya saa 40 ni namna ya kuzungumza na mama.

Mwanafunzi hufundishwa kuuliza maswali yasiyojibiwa kwa "ndiyo" au "hapana". Ukimuuliza mama, "Unamnyonyesha vizuri?" atajibu ndiyo, na mazungumzo yameishia hapo. Ukimwambia, "Hebu nieleze usiku wa jana ulikuwaje," utasikia kwamba mtoto aliamka mara tano, kwamba titi la kushoto linauma, na kwamba bibi wa mtoto anashauri aanzishiwe maji. Sasa una la kufanyia kazi. Hufundishwa pia kuepuka maneno yenye hukumu kama "vibaya" na "umekosea", kusifia kinachofanyika sawasawa kabla ya kurekebisha, na kupendekeza jambo moja au mawili badala ya kutoa amri kumi.

Baada ya kusikiliza anatazama, na hapo ndipo ujuzi unapoonekana. Mnasihi aliyeiva hakubali kushauri juu ya kunyonya ambako hajakuona. Anakaa, anatazama mtoto akinyonya, akitafuta dalili nne: mdomo umefunguka wazi, mdomo wa chini umebinukia nje, kidevu kimegusa titi, na sehemu nyeusi ya titi inaonekana zaidi juu ya mdomo wa mtoto kuliko chini yake. Chuchu zinazochubuka na mtoto asiyeshiba mara nyingi huanzia hapo, kwenye kumshikisha titi vibaya, wala si kwamba mama hana maziwa.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 unapendekeza mama apate unasihi huu angalau mara sita, kuanzia ujauzito hadi baada ya mtoto kufikisha miezi 6. Kama kikao chako kilidumu dakika mbili na kilikuwa cha kugombezwa, hukupata unasihi. Una haki ya kuomba kuonana na mwingine, au kupeleka malalamiko kwa mkuu wa kituo.

Mimi natumia maziwa ya kopo. Wahudumu hawa wana la kunisaidia, au wanajua kunyonyesha tu?

Wanapaswa kukusaidia, na mafunzo kamili yana sehemu hiyo. Maziwa ya unga ya watoto hayajatakaswa vijidudu vyote. Kuna bakteria aitwaye Cronobacter anayeweza kuwemo, na kwa mtoto mchanga ni hatari kubwa. Kwa sababu hiyo ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kuyakoroga kwa maji yaliyochemka ambayo bado yana joto lisilopungua nyuzi 70, kisha kuyapoza kabla ya kumpa mtoto. Mhudumu akuonyeshe kwa vitendo, ukiwa peke yako naye, kipimo cha unga bila kuzidisha wala kupunguza, na usafi wa kikombe au chupa.

Asichopaswa kufanya ni kukuchagulia kampuni. Kanuni ya kimataifa ya uuzaji wa vyakula mbadala vya maziwa ya mama, iliyopitishwa na Mkutano Mkuu wa Afya Duniani mwaka 1981, inataka wahudumu wa afya wasipokee zawadi za kuwashawishi kutangaza bidhaa hizo, wala wasigawe sampuli kwa wajawazito na akina mama. Kalenda ya kampuni ya maziwa ukutani mwa chumba cha unasihi inasema mengi kuhusu mafunzo ya hapo. Swali la kuchimba zaidi ni nani aliyelipia semina ya mwisho waliyohudhuria.

Mafunzo ya mara moja yanatosha maisha yote?

Hayatoshi. Stadi zisizotumika hufifia, na miongozo hubadilika. Kinachozihuisha ni msimamizi anayekuja, anayekaa pembeni mhudumu akipima na kushauri, kisha anamrekebisha mhudumu huyo baada ya mama kuondoka. Semina za hotelini hupendwa zaidi, kwa sababu zinazojulikana.

Naweza kumuuliza mhudumu sifa zake bila kumkosea adabu?

Unaweza. "Samahani dada, wewe ni nesi au ni wa lishe?" halimkeri mtu anayejiamini. Ongeza na hili: "Tatizo hili likizidi, nimwone nani?" Mhudumu aliyefundishwa analo jibu mdomoni, pamoja na jina la chumba au kituo cha rufaa.

Yapo mambo yasiyongoja kujua nani ana cheti gani. Mtoto anayekataa kunyonya, aliyelegea na haamki kirahisi kunyonya, anayetapika kila kitu, au ambaye miguu yake yote miwili imevimba na ukiibonyeza kwa dole gumba kishimo kinabaki, anapaswa kuonwa na daktari siku hiyohiyo. Hata kama tarehe ya kliniki ni kesho.