"Borrow" au "lend"? Kiingereza kinapotutega sisi Waswahili

Kazi yangu ni kuhariri ripoti na mikataba ya Kiingereza inayoandikwa na Waswahili wenzangu. Vitabu vya sarufi kutoka Uingereza huhangaika sana na "their" na "there", kwa kuwa Mwingereza huyatamka sawa. Makosa mengi ninayoyasahihisha mimi yana chanzo kingine: Kiswahili kinaridhika na neno moja, Kiingereza kinadai mawili.

Chukua "borrow" na "lend". Tunasema "nimeazima jembe kwa jirani", kisha tunasema "jirani, niazime jembe". Kitenzi ni kilekile. Nani anatoa na nani anapokea tunaelewa kutokana na "kwa" na hicho kiambishi cha mtendwa. Ndiyo maana mtu hutamka "borrow me ten thousand" na asihisi kasoro yoyote. Kwa Kiingereza, "borrow" ni ya anayepokea na "lend" ni ya anayetoa, basi. Ukikwama, achana na kuazima, weka kukopa na kukopesha. Penye kukopa andika "borrow", penye kukopesha andika "lend": nikopeshe elfu kumi, "lend me ten thousand". Kiambishi "-sha" kinakuonyesha njia. Ujanja huohuo unatenganisha "remember", kukumbuka, na "remind", kukumbusha.

Kushinda nako kuna vituko vyake. Ukiandika "Yanga won Simba", Mwingereza anaweza kudhani Simba alikuwa zawadi na Yanga wameondoka naye! "Win" hufuatwa na kinachoshindaniwa: mechi, kombe, uchaguzi. Mpinzani anataka "beat". Kwa hiyo "Yanga beat Simba", halafu "Yanga won the match".

Lakini kama ningeruhusiwa kusahihisha jozi moja tu nchi nzima, ningechagua "by" na "until", maana hizi zinagusa fedha. "Hadi" yetu inabeba zote mbili. Nikikuta kwenye mkataba "the contractor shall submit the report until 30 June", najua mwandishi alikuwa na "awasilishe ripoti hadi 30 Juni" kichwani. "Until" ni ya jambo linaloendelea muda wote mpaka siku hiyo: ofisi itakuwa wazi hadi 30 Juni. Ripoti huwasilishwa mara moja, siku yoyote isiyopita tarehe hiyo, kwa hiyo ni "by 30 June". Jaribu kuweka "ifikapo" au "kabla ya kupita". Ikikaa vizuri, ni "by".

Za tahajia nazipita haraka. "Stationary" ni kitu kilichosimama. Karatasi na kalamu ni "stationery", yenye "e", ingawa vibao vingi vya maduka ya fotokopi vinasema vingine. Maneno haya yana babu mmoja: "stationer" alikuwa muuzaji mwenye kituo cha kudumu, tofauti na mchuuzi wa kuzunguka, na chama chao cha London kilipata hati ya kifalme mwaka 1557. Kumbuka "e" ya "paper" na hutakosea.

Programu ya kukagua tahajia haitakusaidia sana hapa, kwa sababu kila neno peke yake ni sahihi. Mimi, kabla ya kurudisha mkataba kwa mteja, hutafuta kila "until" iliyomo kwenye faili na kuisoma moja baada ya nyingine.