Azimuthi ni nini, na kwa nini dira haijui ulipo

Dira haijui uko wapi. Inajua jambo moja tu: sumaku ya dunia inavuta upande gani. Uwe Ubungo, uwe katikati ya msitu wa Pugu, uwe juu ya mtumbwi nje ya Kunduchi, sindano inasema lile lile. Wengi wanaonunua dira kabla ya kwenda porini hawajaambiwa hivyo. Wakipotea wanaitoa mfukoni, wanaikodolea macho, na wanabaki wamepotea vilevile, ila sasa wanajua kaskazini iko wapi. Ili sindano hiyo ikupe njia unahitaji namba, na namba yenyewe inaitwa azimuthi.

Azimuthi ni pembe. Anzia kaskazini, zunguka kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa mpaka uelekee kitu unachokitaka, kisha hesabu nyuzi ulizopita. Kaskazini ni 0, mashariki 90, kusini 180, magharibi 270, na ukifika 360 umerudi ulikoanzia. Kilima kilicho kusini-mashariki kamili kina azimuthi 135. Neno lenyewe lina asili ya Kiarabu, as-sumut, yaani njia au mielekeo. Wapima ardhi wengi huiita beringi, jina ambalo sina ugomvi nalo, ila ukiliulizia kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani utaletewa ya gurudumu la mbele.

Sisi wa Dar tunaelekezana kwa alama na kwa mikono: shuka Mwenge, vuka barabara, ingia kushoto, nyumba ya tatu baada ya duka la Mangi. Maelekezo hayo yanafanya kazi vizuri sana hadi pale alama zinapoisha. Kushoto kunahama kila unapogeuza mwili, na porini hakuna Mangi. Lakini 135 ni 135 hata ukiwa umekaa kitako umeipa mgongo. Wenye vyombo vya bahari walilijua hilo zamani. Kaskazini na kusini ni maneno yaliyokaa juu ya majina ya pepo: kaskazi inayovuma kutoka kaskazini-mashariki kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi inayoshika zamu wakati wa masika na kuendelea. Upepo haukujali nahodha ametazama wapi. Azimuthi ni wazo hilohilo, limekatwa vipande 360.

Kuipata kwenye ramani si kazi ngumu. Chukua ramani ya topografia, yaani inayoonyesha sura ya ardhi, ya skeli ya 1:50,000, ambayo sentimita 2 zake ni kilomita 1 ya ardhi, na mistari ya gridi imepigwa kila kilomita. Chukua dira ya kibao cha plastiki, ile unayoona ramani kupitia chini yake. Laza ukingo wa kibao utoke ulipo hadi unakokwenda, mshale wa safari ukielekea unakokwenda. Sasa zungusha duara la nyuzi mpaka mistari iliyo ndani yake ilale sambamba na mistari ya gridi inayopanda kaskazini. Soma namba iliyo kwenye alama. Sindano bado hujaihitaji. Kwenye hatua hii dira ni kipima pembe kama kile cha mkebe wa shule, basi.

Kisha unanyanyuka, unashika dira mbele ya kifua ikiwa bapa, na unageuza mwili wote, si mkono, mpaka ncha nyekundu ya sindano iingie kwenye mshale uliochorwa chini yake. Mshale wa safari sasa unaonyesha njia.

Kosa la kawaida liko kwenye lile duara, nami nililifanya mbele za watu. Tulikuwa wanne ndani ya msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, upande wa Kisarawe, mwezi Julai, saa tatu asubuhi. Aliyetufundisha alikuwa mpima ardhi mstaafu, mzee mpole anayevaa kofia ya kiua hata porini. Nikalaza kibao, nikazungusha duara, nikasoma 235, nikaongoza. Tumekwenda kama mita mia mbili, mzee akaita kutoka nyuma.

"Mwanangu, tunaelekea wapi?"

"Kaskazini-mashariki, mzee."

"Mbona jua linakuchoma kisogo?"

Duara nilikuwa nimeligeuza juu chini, kaskazini yake ikatazama kusini ya ramani. Azimuthi sahihi ilikuwa 55. Toa 55 kwenye 235 utapata 180 kamili, nusu ya mduara, na ukiona tofauti ya 180 usimtafute mchawi, tazama duara. Tangu siku ile, kabla sijapiga hatua ya kwanza najiuliza swali la mzee: jua liko wapi? Asubuhi na jioni linatosha. Mchana wa Dar ni wa kutiliwa shaka, maana sisi tuko karibu na nyuzi 7 kusini mwa ikweta: kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana linasimama upande wa kaskazini, miezi iliyobaki upande wa kusini, na siku za mpito linakaa utosini bila kukuambia chochote. Anayekufundisha kwamba jua la mchana ni kusini alijifunzia Ulaya.

Namba 180 hiyohiyo ina matumizi mema. Ukitaka kurudi ulikotoka, ongeza 180 kwenye azimuthi yako, au punguza ikiwa imezidi 180. Uliyekwenda kwa 55 unarudi kwa 235. Hiyo ni azimuthi ya kurudi, na ndiyo hesabu ya kwanza ninayomfanyisha mtu mgeni wa dira, tena kwa sauti.

Sasa kuna suala la kaskazini, kwa sababu zipo tatu. Kaskazini ya kweli ni ile ya ncha ya dunia. Kaskazini ya gridi ni ile ya mistari iliyochorwa kwenye ramani. Kaskazini ya sumaku ni ile inayofuatwa na sindano. Vitabu vinatisha watu kwa tatu hizi, lakini mkazi wa Dar ana bahati. Gridi ya ramani zetu imejengwa kwenye mstari wa kati wa longitudo 39 mashariki, na jiji liko kwenye 39.3 hivi, kwa hiyo kaskazini ya gridi na ile ya kweli zimepishana kwa kiasi kisichofika hata sehemu ya kumi ya uzi mmoja. Zihesabu kuwa moja. Inabaki sumaku, ambayo kwetu imechepuka kama nyuzi 3 kuelekea magharibi. Cape Town mchepuko unazidi nyuzi 20. Huko usipoujali unaishia wilaya nyingine.

Sindano ikichepuka magharibi, namba ya kwenye dira inakuwa kubwa kuliko ya kwenye ramani. Kwa hiyo 55 ya ramani ni 58 ya dira. Je, nyuzi 3 ni za kuhangaikia? Inategemea unatafuta nini. Uzi mmoja wa makosa unakutupa pembeni kama mita 17 kwa kila kilomita. Nyuzi 3 kwa mita 800 ni mita 42. Kama shabaha yako ni barabara ya Kisarawe, hutahisi kitu. Kama ni kisima ndani ya kichaka cha msitu wa pwani, utakipita na hutajua kuwa umekipita. Mchepuko wenyewe unasogea mwaka hadi mwaka, kwa hiyo ule uliochapwa pembeni mwa ramani ya zamani usome pamoja na mwaka wake.

Kuna mengine mawili yanayoivuruga sindano, na haya yanawaponza watu kuliko mchepuko. La kwanza ni chuma. Siku ileile ya Pugu, baada ya kusahihisha duara, mwenzetu alisogea kuitazama dira na panga lake kwapani. Sindano ikatembea. Akarudi nyuma hatua mbili, ikarudi. Tukarudia mara tatu kama watoto. Simu ni hivyohivyo, spika yake ina sumaku, na pikipiki au nguzo ya umeme unazipa nafasi ya mita kadhaa. La pili ni lile ambalo muuzaji hakuambii: dira nyingi zimesawazishwa kwa nchi za kaskazini. Sumaku ya dunia haivuti kwa ubapa tu, inavuta na kuelekea ardhini, na kwetu inavuta ncha ya kusini kwenda chini. Dira ya Ulaya tayari imeongezewa uzito ncha ileile, basi ikifika Dar sindano inainama, inagusa sakafu na kukwama. Ukinunua, ishike bapa, izungushe taratibu, uone kama sindano inaogelea. Ikikwaruza, muachie mwenyewe.

Kuifuata azimuthi msituni hakufanywi kwa kutembea huku umeinamia dira. Unalenga, unachagua mti mmoja ulio kwenye mstari, wenye gome unaloweza kulikumbuka, unaufuata kwa njia yoyote inayopitika, ukifika unalenga tena. Pugu kuna sehemu ambazo mti wa mbali unaouona uko hatua kumi na tano, hivyo tulimtuma mmoja mbele na kumpigia kelele, kushoto kidogo, kidogo tena, hapohapo. Umbali ulihesabiwa kwa mguu wa kulia. Mimi kwenye tambarare mguu wa kulia unagusa chini mara 64 kwa mita 100. Kwenye vichaka inapanda hadi 75. Kila mtu apime yake kwenye uwanja wa mpira kabla ya kuondoka.

Na kama unatafuta kitu kilicho kando ya barabara au reli, kosea kwa makusudi. Lenga nyuzi 5 au zaidi kushoto kwake. Ukitokea barabarani unajua bila kubisha kwamba kiko kulia. Aliyelenga sawasawa na kukikosa hajui ageuke wapi.

Hadi hapa azimuthi imekupeleka kutoka unapopajua. Ile hoja ya mwanzo, kwamba dira haijui ulipo, inajibiwa kwa kuigeuza kazi hiyo. Simama ufukweni Kunduchi, mahali usipopajua kwa jina. Mbele yako kuna kisiwa cha Mbudya, na kulia zaidi kiko Bongoyo. Chagua ncha moja ya kila kisiwa, si katikati, maana katikati ya kisiwa kila mtu anaiona pake. Tuseme dira inakupa 83 na 128. Ondoa 3 za mchepuko: 80 na 125. Geuza: 260 na 305. Sasa kwenye ramani piga mstari kutoka ncha ya Mbudya kwa 260, na mwingine kutoka ncha ya Bongoyo kwa 305. Zinapokatana ndipo ulipo. Azimuthi moja ingekupa mstari tu, na ungeweza kuwa popote juu yake. Ya pili ndiyo inayokufunga. Kadiri pembe kati ya mistari hiyo inavyokaribia 90 ndivyo makutano yanavyokuwa makali. Hizi zetu zina 45, zinatosha. Wavuvi hufanya jambo la ndugu yake bila namba wala karatasi: mnazi huu ukipangana na mnara ule, na jabali hili likipangana na nyumba ile, wanatupa nanga juu ya mwamba wa samaki.

Msituni visiwa hamna. Hapo mstari mmoja unaukopa ardhini: uko juu ya njia iliyo kwenye ramani, au ukingo wa bonde, au reli, na kilima kimoja kinachochungulia kwenye uwazi kinakupa mstari wa pili.

Ukitaka kuhakiki kwa simu, GPS yake haihitaji bando. Ila ramani nyingi za zamani za Tanzania zimechorwa kwa mfumo wa koordineti, yaani namba za kutajia mahali, unaoitwa Arc 1960, na simu inatumia mfumo mwingine, WGS84. Koordineti za huku ukiziweka kule bila kubadili, zinapishana kwa takriban mita 300, na watu wameilaumu dira kwa kosa lisilo lake.

Mazoezi ya kwanza hayahitaji msitu. Makka iko karibu longitudo moja na sisi, hivyo kibla cha Dar es Salaam ni azimuthi ya kama 1 tu, karibu kaskazini kamili. Nenda kwa adabu nje ya msikiti wa mtaani, simama sambamba na ukuta wa ubavuni, elekea uliko mihrabu, usome dira. Utegemee 4 hivi, yaani 1 na zile 3 za mchepuko. Ukipata 20, ondoka kwanza kwenye nondo za dirisha na gari lililoegeshwa, kabla hujaenda kumwambia imamu.