Ng'ombe hana mikono

Juzi kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa chekechea, mama mmoja alituma sauti: "Jamani, ugonjwa wa miguu na midomo umeingia darasani, tuache maziwa ya yule mzee wa baiskeli." Nimeshausikia usemi huo mara nyingi mno.

Alichonacho mwanawe ni ugonjwa wa mikono, miguu na mdomo. Ni virusi, mara nyingi koksaki A16 au entero 71, na huwashika zaidi walio chini ya miaka 5. Homa huanza, kisha vidonda ulimini, kwenye ufizi na mashavuni kwa ndani, na malengelenge viganjani na nyayoni. Huisha wenyewe kwa siku 7 hadi 10. Antibayotiki haifui dafu hapa.

Ule wa miguu na midomo ni wa ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe. Hesabuni maneno: lililozidi kwa mtoto ni "mikono", na ng'ombe hana mikono. Hata miguu haifanani, maana kidonda cha ng'ombe hukaa katikati ya kwato. Virusi vyao ni ukoo mmoja, ukoo ule ule wenye polio, ila kila kimoja kina nyumba yake. Cha ng'ombe kilitambuliwa Ujerumani na watafiti Loeffler na Frosch, mwaka 1898. Koksaki je? Ni jina la mji, Coxsackie, kando ya mto Hudson jimboni New York. Mwaka 1948 watafiti Dalldorf na Sickles walitangaza kupata virusi vya kwanza vya kundi hilo kwenye kinyesi cha watoto wa huko. Cha watoto, si cha ndama.

(Na "mdomo" wenyewe unanikera. Vidonda viko kinywani! Lakini jina limeshakaa.)

Mtoto huambukizwa na mtoto mwenzake: mate, makamasi, maji ya malengelenge, au mkono wa mtu aliyebadilisha nepi asinawe. Kwa hiyo, dada yangu, mzee wa baiskeli hana kosa. Cha kuacha kwanza ni juisi ya machungwa, inachoma vidonda. Maziwa yachemshe kama siku zote, yapoe kabisa, umnyweshe kwa kijiko kidogo kidogo. Akiyakataa hata hayo na nepi ikakaa kavu saa nyingi, mpeleke hospitali.