Ajali ya kazi, ugonjwa wa kazi na fidia: maana yake kwa mfanyakazi wa Lubumbashi

Mtaani Lubumbashi neno "ajali" linabeba mengi: gari limepinduka, ukuta umebomoka, hata bahati mbaya tu. Sheria ya Kongo ina maana yake. Ajali ya kazi ni ile inayompata mfanyakazi kwa sababu ya kazi au akiwa kazini, awe amekosea mwenyewe au hakukosea. Sehemu hii ya mwisho ndiyo watu wanayoisahau. Mchomeleaji aliyevua miwani kwa sababu jasho lilimwingia machoni, kisha cheche ikamchoma jicho, amepata ajali ya kazi. Kapita, yaani msimamizi wake, anaweza kumkaripia, anaweza hata kumwandikia barua ya onyo, lakini haki ya fidia inabaki palepale. Anayeikosa ni yule aliyejiumiza kwa makusudi.

Mpango huu ni wa kupeana. Mfanyakazi hahitaji kuthibitisha kwamba patro, yaani mwajiri, alifanya kosa. Anathibitisha tu kwamba aliumia na kwamba kazi ndiyo iliyomuumiza. Kwa upande wake anakubali malipo yanayofuata kanuni na jedwali. Hakuna anayekaa kupima maumivu yake, aibu yake, au ndoto yake ya kucheza mpira. Ujerumani iliweka mpango wa namna hii mwaka 1884, Ubelgiji ukafuata mwaka 1903, na Kongo huru ikaandika sheria yake ya usalama wa jamii mwaka 1961. Inayotumika leo ni sheria namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016, na shirika linalolipa ni CNSS, mfuko wa taifa wa usalama wa jamii, ingawa wazee wa mitaa ya Kenya na Kamalondo hapa mjini bado wanaliita kwa jina la zamani, INSS.

Njia ya kwenda na kurudi nayo imo. Anayekaa Katuba na kufanya kazi kwenye kiwanda cha barabara ya Likasi, akigongwa asubuhi akielekea kazini, yuko ndani ya sheria, awe kwenye taksi-bisi au juu ya pikipiki. Vilevile anapokwenda mahali pake pa kawaida pa kula. Masharti ni kwamba safari isikatizwe wala kupindishwa kwa mambo yake binafsi. Akishuka njiani akakaa saa mbili kwenye baa, kisha akagongwa wakati wa kutoka, CNSS ina sababu nzuri ya kukataa. Kwa hiyo kwenye ajali ya njiani andika mapema saa uliyotoka, njia uliyopita, na majina ya abiria wenzako. Ukigongwa na gari, mambo yanakuwa mawili: CNSS inakuhudumia kama mfanyakazi, na bima ya dereva inabaki na deni lake. Moja halifuti lingine, ila pesa za hasara ileile hazilipwi mara mbili.

Nani anachangia? Wengi hutazama fishi ya malipo, karatasi ya mshahara, wakaona asilimia 5 imekatwa kwa CNSS, wakadhani hiyo ndiyo bima ya ajali. Siyo. Ile 5 ni ya pensheni. Mwajiri ndiye anayeweka asilimia 13 juu ya mshahara: 5 za pensheni, 6.5 za familia, na 1.5 za hatari za kazi. Fungu hili la ajali na magonjwa ni la mwajiri peke yake. Ndiyo maana hoja ya "wewe hujachangia muda mrefu" haina uzito hapa. Pensheni inataka miaka ya michango, lakini mguu uliovunjika siku ya tatu ya kontra ni ajali ya kazi kama ule wa mwaka wa kumi.

Fidia yenyewe ina vipande kadhaa. Kwanza ni matibabu: daktari, dawa, upasuaji, mguu wa bandia ukihitajika. Pili ni posho ya kila siku wakati huwezi kufanya kazi, theluthi mbili za wastani wa mshahara wako wa siku. Tatu ni malipo ya ulemavu unaobaki. Kifo kikitokea, kuna gharama za mazishi na malipo kwa mjane na mayatima.

Katikati ya kipande cha pili na cha tatu kuna neno moja linalowaangusha watu wengi kuliko jingine lolote. Kwenye karatasi za Kifaransa utaliona kama «date de consolidation». Kwa Kiswahili tuseme siku jeraha lilipotulia. Kutulia si kupona. Ni siku daktari anaposema: matibabu hayataleta tena mabadiliko makubwa, hali iliyobaki ndiyo itakayobaki. Mfanyakazi aliyekatika vidole viwili anaweza kutulia baada ya miezi mitatu, vidole vikiwa havijarudi na havitarudi. Tarehe hiyo ikiandikwa, posho ya kila siku inakoma, na kipimo cha ulemavu wa kudumu kinaanza.

Hapo ndipo mambo yanapoharibika, tena kwa njia mbili. Ya kwanza ni daktari kuandika "guérison", yaani amepona kabisa, badala ya kutulia. Kwa hospitali ni neno moja tu kwenye mstari, lakini kwako linafunga mlango wa ulemavu kabla hujaugusa. Ukitoka na kidole kisichokunjika, goti lisilochuchumaa au jicho linaloona ukungu, usikubali karatasi inayosema umepona. Omba hali iliyobaki iandikwe kwa vipimo, goti linakunjika kwa digrii ngapi, jicho linasoma mstari wa ngapi. Ya pili ni kutulizwa mapema mno, mfupa ukiwa bado haujashika, kwa sababu sosiete inataka mtu arudi kwenye posti. Akirudi akaumia tena palepale, ubishi unaanza: hii ni ajali mpya au ni ile ya zamani iliyorudi? Cheti cha kuzidi kwa hali, kinachotaja tarehe ya ajali ya kwanza, ndicho kinachomaliza ubishi huo.

Asilimia ya ulemavu hutolewa na daktari kwa kufuata jedwali, na mstari wa kukumbuka ni 15. Kuanzia asilimia 15 unapata rente, malipo yanayorudi kila kipindi. Chini ya hapo unapewa kiasi cha mara moja, basi. Ndiyo maana tofauti kati ya 14 na 15 ina thamani kubwa, na goti lililopimwa vizuri linastahili ubishi kuliko goti lililoelezwa kwa neno "linauma".

Tuje kwenye ugonjwa wa kazi. Ajali ina saa yake. Ugonjwa wa kazi hauna. Unaingia kidogo kidogo, na mara nyingi unajionyesha mtu ameshaondoka kazini. Kwa hiyo sheria hutumia orodha: ugonjwa ukiwa kwenye orodha, na wewe ukiwa umefanya kazi inayouleta, uhusiano unachukuliwa kuwa upo hadi mwingine athibitishe kinyume. Usipokuwa kwenye orodha, mzigo wa kuthibitisha unakuwa wako, na ni mzito.

Kwa mji wa shaba, silikosi ndiyo mfano mkuu. Inatokana na vumbi la mawe yenye silika, kwenye kutoboa mwamba, kusaga madini au kupuliza mchanga. Chembe zinazofika ndani kabisa ya mapafu ni ndogo kuliko mikromita 5. Jicho haliioni hata moja. Wingu jeupe linalokera linakaa zaidi puani na kooni, na kitambaa cha kufunga mdomoni hakizuii zile ndogo. Sura ya kawaida ya ugonjwa huu huchukua miaka 10 au zaidi, haina dawa ya kuurudisha nyuma, na huendelea hata vumbi likishakwisha. Mwaka 2003 Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, iliachana na wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa mpango wa kuondoka kwa hiari. Mtu aliyetoka chini ya ardhi mwaka ule anaweza kuanza kukosa pumzi leo, na daktari kijana anayempokea hatamuuliza kuhusu miaka ya themanini asipojitaja mwenyewe.

Kosa linalojirudia ni kifua kikuu. Picha ya silikosi na ya kifua kikuu zinafanana machoni pa asiyezoea, na silikosi yenyewe inafungua njia kwa kifua kikuu. Basi mgonjwa anapewa dawa za miezi sita, mara moja, mara ya pili, makohozi yakiwa hayaonyeshi kijidudu. Makohozi safi mara kadhaa pamoja na historia ya vumbi vinatosha kumfanya daktari aulize swali lingine. Omba picha isomwe kwa kipimo cha Shirika la Kazi Duniani, chenye madaraja 12 kuanzia 0/- hadi 3/+, na daraja liandikwe kwenye ripoti. "Mapafu machafu" si daraja.

Pumu ya kobalti inanaswa kwa njia nyingine. Mtu anabanwa siku za kazi, akienda likizo anapumua vizuri. Kifaa kidogo cha kupuliza, kinachopima nguvu ya pumzi, kinatosha kuonyesha hilo: puliza mara 4 kwa siku, andika namba na saa, wiki mbili ukiwa kazini na wiki mbili ukiwa nyumbani. Mchoro unaopanda ukiwa likizo na kushuka ukirudi una nguvu kuliko barua ndefu. Usiache kuandika siku unazojisikia vizuri, kwa maana hizo ndizo nusu ya ushahidi.

Kwa masikio, hatari huanza karibu na desibeli 85 kwa saa 8. Hasara ya kelele hujionyesha kwanza kwenye herzi 4,000, kwa kawaida masikio yote mawili kwa pamoja. Sikio moja likiwa ziwi peke yake, daktari atatafuta sababu nyingine. Kipimo kifanywe baada ya saa 14 hivi bila kelele. Ukipimwa mara tu unapotoka kwenye mashine, watasema ni uchovu wa masikio tu, na watakuwa na haki.

Kwa magonjwa yote haya, karatasi yenye thamani ni historia ya kazi: mwaka wa kuanza, idara, kazi uliyoifanya kwa mikono yako, vumbi au tindikali gani, saa ngapi kwa siku. Kuandika tu "agent" (mfanyakazi) au "manevu" (kibarua) hakutoshi. Fishi za malipo zinazotaja kazi yako, kontra, na cheti cha afya ulichopewa ulipoajiriwa, vitunze pamoja. Cheti hicho kinasema uliingia ukiwa mzima.

Turudi kwenye ajali na siku yake ya kwanza. Mjulishe mwajiri siku hiyohiyo, kwa maandishi ikiwezekana. Yeye ndiye anayepaswa kuitangaza kwa CNSS na kwa enspekta wa kazi, na muda wake unahesabiwa kwa siku chache, si kwa wiki. Asipofanya, wewe au ndugu zako mnaweza kwenda wenyewe. Maneno ya kwanza hospitalini yana uzito wa ajabu. Ukisema "mgongo unaniuma", daktari ataandika ugonjwa, na sosiete itaushika kama ngao. Sema kilichotokea: saa nne asubuhi nilikuwa ninapakua mfuko wa simenti wa kilo 50, nikateleza, nikasikia mgongo umekatika, wawili walikuwa wanaona. Kuna saa, kuna kitendo, kuna mashahidi. Hernia na maumivu ya mgongo hukataliwa zaidi kwa sababu ya sentensi ya kwanza kuliko kwa sababu ya mgongo wenyewe.

Halafu kuna mtego wa mshahara. Tuseme unapokea dola 360 kwa mwezi, lakini mwajiri ametangaza 150 na kukupa nyingine kwenye bahasha. Theluthi mbili za 360 ni 240. Theluthi mbili za 150 ni 100. Wakati wa afya bahasha ilionekana ni zawadi. Nenda CNSS ukaulize mshahara uliotangazwa kwa namba yako ukiwa bado mzima.

Kwenye migodi mikubwa wengi wameajiriwa na kampuni ndogo ya kati. Aliyesaini kontra yako ndiye anayetangaza ajali, hata kama kofia yako ina nembo ya mwingine. Jua jina lake kamili na namba yake ya CNSS. Kampuni za namna hii zinabadilisha majina kuliko zinavyobadilisha ofisi. Mchimbaji wa mkono, anayeuza mawe yake mwenyewe kupitia ushirika, hana mwajiri wa kumtangaza, na mpango huu haumfikii kama unavyomfikia mwenye kontra. Ni pengo kubwa kwa Haut-Katanga na Lualaba, na hakuna karatasi ya hospitali inayoweza kuliziba.

Mwisho kuna karatasi ya «décharge». Patro analeta dola 200 na mfuko wa unga hospitalini, familia inasaini kwamba mambo yamekwisha. Msaada upokee, una njaa. Lakini soma unachosaini, andika "nimepokea msaada wa dola 200 na mfuko wa unga" na tarehe, usiongeze neno. Karatasi hiyo haimwondolei mwajiri wajibu wa kutangaza ajali. Akikaa kimya, enspekta wa kazi ndiye mlango wa kwanza, na mnapotofautiana na mwajiri upatanisho wa kwake hutangulia mahakama ya kazi. Beba nakala za karatasi zako, na zile za asili ziache nyumbani.